Kwa nini tabibu hodari akipewa ufawidhi kituo kinayumba?

#1 MwambaniKwetu
Wakuu, salaam. Nina hoja, mnivumilie urefu.

Mkoa wetu wa Tanga una halmashauri 11, kuanzia Jiji mpaka Kilindi, na kila zahanati na kituo cha afya kina mtu anaitwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo. Anapatikanaje? Mara nyingi ni yule anayesifika kwa kutibu, au ndiye mwenye cheti kikubwa pale, au ndiye aliyebaki wenzake walipohama. Barua inakuja, anasaini, kesho yake ana kazi mbili. Asubuhi anaona wagonjwa. Mchana ni mhasibu wa FFARS (mfumo wa hesabu za kituo), mpangaji wa bajeti kwenye mfumo wa PlanRep, mnunuzi kwenye mfumo wa NeST, katibu wa kamati ya usimamizi wa kituo, msimamizi wa PEPMIS (mfumo wa kupima utendaji) kwa kila mtumishi, na msuluhishi wa muuguzi na mtu wa maabara wasiosalimiana tangu Mfungo Mosi.

Udaktari ni miaka mitano darasani na mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Utabibu ni mitatu. Humo ndani uongozi ni somo la kukariri kazi za meneja, mtihani, basi. Akishateuliwa anapelekwa semina ya siku tano hotelini, anarudi na mkoba na kalamu.

Hoja yangu: kasoro iko kwenye mafunzo. Semina za hoteli hazimjengi mtu. Anayebisha alete vipengele.

#2 PwezaWaRaskazone
Nimekaa paleee na bakuli langu la supu. Uzi utembee.

#3 KatibuWaFaili
Mwambani, umebisha hodi ila mlango ni wa jirani. Kasoro ni muda na mikono.

Ikama ya 2014 ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15 na kituo cha afya 39. Sasa tuseme zahanati ina tabibu mmoja, wauguzi wawili na mhudumu mmoja. Wagonjwa 40 kwa siku, kila mmoja dakika 10, hizo ni dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40. Saa za kazi ni kuanzia 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, saa 8. Imebaki saa moja na dakika 20, humo anywe chai, ajaze vitabu vya MTUHA (takwimu za huduma), apokee mgeni wa wilaya na aongoze. Mpe hata shahada ya uongozi, ataongoza saa ngapi?

Na mkumbuke kada ya katibu wa afya ipo, watu wamesomea uendeshaji, ila utawakuta hospitalini na kwenye timu ya halmashauri. Huku chini ambako mtu yuko peke yake ndiko hakuna.

#4 Ngamiani_Barabara12
Nyongeza kwa KatibuWaFaili. Fedha zilipoanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, mwaka wa fedha 2017/18, vituo vya afya kadhaa vilipata wahasibu wasaidizi wa mkataba. Kwa hiyo "hakuna" ni neno kubwa. Zahanati ndiyo hakuna.

#5 KatibuWaFaili
Barabara12, nimekubali. Zahanati.

#6 BiZamuYaUsiku
Nyie mnaandika "mganga, mganga" kana kwamba kituo kina mtu mmoja. Saa 8 usiku wodi ya wazazi kiongozi ni nani? Ni mkunga aliyeko zamu. Mfawidhi kalala Chuda.

Uongozi unaohitajika saa hizo haufanani na wa PlanRep. Ni kujua nani aitwe, umwambie nini na kwa mpangilio gani, na usiogope kumwamsha. Mpangilio wenyewe ni mambo manne: hali ilivyo sasa, historia fupi, unavyoona wewe, unachotaka. Mfano: "Daktari, mama kitanda namba 4 anatoka damu nyingi baada ya kujifungua. Uzazi wa tatu, kondo limetoka lote. Presha 80 kwa 50, mapigo 128, oksitosini uniti 10 nimeshachoma, dripu mbili zinakwenda. Naona mji wa mimba haujakaza. Nahitaji uje sasa hivi, na maabara waandae damu." Nusu dakika haifiki. Linganisha na "daktari, njoo, mama hali yake si nzuri". Huyo wa pili ataulizwa maswali sita huku damu inakwenda.

Hili linafundishika wodini, dakika 15 kabla ya kukabidhiana zamu, wawili wawili, mmoja anajifanya daktari mwenye usingizi. Halihitaji hoteli. Kinachoharibu ni daktari mmoja tu anayefoka "umenipigia kwa ajili ya hili?" Akifoka mara moja, simu tatu zinazofuata hazipigwi.

#7 PwezaWaRaskazone
Huyo wa kujifanya daktari mwenye usingizi naomba nafasi, nina uzoefu.

Halafu mpangilio huo wa mambo manne si ndio ulitoka kwa mabaharia wa nyambizi za jeshi la Marekani? Kumbe sisi watu wa bahari tulistahili kuujua kwanza.

#8 BiZamuYaUsiku
Ndiyo, ulitoka huko, hospitali za Marekani zikauchukua. Wewe bahari yako inaishia kwenye bakuli.

#9 ChungwaLaMuheza
Naona wote mnazunguka mbuyu. Mfawidhi hana mamlaka, hiyo ndiyo habari. Haajiri, hafukuzi, hahamishi. Mamlaka ya ajira ni mkurugenzi wa halmashauri. Mtumishi akichelewa kila siku, mfawidhi anafanya nini? Anapiga kelele, mwenzake anampigia mjomba aliye makao makuu, kesi imekwisha. Unamfundisha mtu kuendesha gari halafu usukani umebaki nao wewe.

#10 MzeeWaMakabidhiano
Chungwa, mamlaka yapo, madogo lakini yapo, na wengi hawayatumii kwa sababu hawajaelezwa. Rota ya zamu ni yake. Nani akae chumba gani ni yake. Ruhusa za siku chache zinaanzia kwake. Malengo ya PEPMIS anayapitisha yeye. Pendekezo la nani aende mafunzo linaanzia kwake.

Kwa mchelewaji, mpangilio unaofanya kazi ni huu. Kwanza daftari la mahudhurio lifungwe kwa mstari mwekundu saa 1:45 kila siku, bila kumruka mtu, hata mfawidhi mwenyewe. Likifungwa siku za wageni tu, halina thamani. Baada ya wiki mbili muite peke yake, mlango umefungwa, muoneshe tarehe na saa bila kumtolea hotuba, umuulize kuna nini. Mara nyingine ni mtoto wa shule au daladala ya kutoka Pongwe, na zamu ikibadilishwa yamekwisha. Mkubaliane kwa maandishi, mistari miwili, kila mmoja asaini. Akirudia, barua ya kutakiwa kujieleza, nakala faili lake. Tatu zikifika, faili lote linakwenda kwa mganga mkuu wa wilaya na taarifa fupi. Mjomba wa makao makuu anashinda pale mfawidhi anapokwenda na maneno matupu. Faili lenye tarehe ni gumu kulizungusha.

Kosa kubwa ni kumsema mtu kwenye kikao cha asubuhi mbele ya wenzake. Hapo umeshampa kundi la kumtetea.

#11 ChungwaLaMuheza
Mzee nimekuelewa, ila barua tatu ni miezi minne. Kituo cha watu wanne miezi minne ni mirefu.

#12 DonaNaDagaa
Wakuu, kuhusu PEPMIS. Ilipochukua nafasi ya OPRAS tulisema karatasi zimekwisha, na kweli zimekwisha, ila malengo ni yale yale ya kunakiliwa. "Kutoa huduma bora kwa wateja." Huyo utampimaje? Mkunga apewe kitu kama hiki: patografu (chati ya kufuatilia uchungu) imejazwa kikamilifu, tutachomoa mafaili 10 kila mwezi, yasipungue 9. Mtu wa dawa: leja ilingane na hesabu ya rafuni kwa dawa 10 tulizochagua, kila Ijumaa ya mwisho. Hapo mfawidhi ana cha kuzungumza naye, na mtumishi anajua anaulizwa nini.

#13 S_Tano
Salaam. Nashangaa hakuna aliyetaja S tano, njia ya Kijapani ya kupanga sehemu ya kazi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Hiyo ndiyo shule ya uongozi ya bei nafuu kuliko zote nchini. Inamlazimisha mkuu wa kitengo akae na watu wake, waamue pamoja nini kitoke na nini kikae wapi. Ilianzia Muhimbili na Wajapani.

#14 MsomajiWaDonge
Marekebisho kidogo. JICA, shirika la misaada la Japani, ndiyo, lakini ya kwanza ilikuwa Hospitali ya Rufaa Mbeya, 2007. Mfano wenyewe ulitoka Sri Lanka, hospitali ya akina mama ya Castle Street, Colombo.

#15 S_Tano
Shukrani, Mbeya.

Kinachoua S tano ni hiki. Watu wanafanya tatu za kwanza kwa shangwe, picha kabla na baada, lebo za rangi kila kabati. Sanifisha inataka uandike nani anakagua, lini, kwa orodha gani. Shikilia inataka mkubwa apite kila wiki, hata dakika 20. Mkubwa anapita mara mbili, ya tatu ana kikao mkoani. Miezi mitatu mbele, droo yenye lebo ya "Glovu" ina chaja ya simu na nusu andazi.

Dawa yake: usianze kituo kizima. Anza chumba kimoja chenye mtu anayejali, kwa kawaida chumba cha sindano au stoo ya dawa. Pima kitu kabla. Mfano dakika za kutafuta trei ya dharura ikiwa kamili: mtume mtu bila kumtaarifu, saa mkononi. Pima tena baada ya wiki nne. Chumba cha pili kitaomba chenyewe.

#16 KatibuWaFaili
Nakubali kote isipokuwa hapo pa "chumba cha pili kitaomba chenyewe". Kitasubiri kuona kama cha kwanza wamepewa posho.

#17 PwezaWaRaskazone
😂😂 hapo sasa.

#18 DigoMakini
Namrudia Mwambani #1. Umesema mafunzo ndiyo mabovu, lakini hukusema yaliyo mazuri yanafananaje. Yapo. Mwaka 2002 kule Aswan, Misri, shirika la Management Sciences for Health la Marekani walianzisha na Wizara ya Afya ya huko programu ambayo timu ya kituo haiondoki kazini. Wanakutana siku chache, wanarudi na kazi ya kufanya kituoni, wanaleta namba, wanakutana tena, miezi kadhaa. Njia hiyo ilienea nchi nyingi baadaye. Kiini chake ni timu kuchagua jambo moja linalopimika na kulifuata mpaka mwisho.

Kwa mazingira yetu inakwenda hivi. Tuseme mmechagua wajawazito waanze kliniki kabla ya wiki 12. Fungueni kitabu cha MTUHA cha wajawazito, hesabuni miezi mitatu nyuma: wapya 60, walioanza mapema 15. Hiyo ni robo. Andikeni lengo: baada ya miezi sita iwe nusu. Namba mbili hizo zibandikwe ukutani.

Kisha ulizeni kwa nini, mpaka mara tano. Kwa nini hawaji mapema? Wakija peke yao wanarudishwa wakalete mwenza. Kwa nini wanarudishwa? Kwa ajili ya kupima VVU wote wawili. Asiye na mwenza anakwenda wapi? Serikali ya mtaa, akaandikiwe barua. Nani aliagiza arudishwe? Hakuna waraka unaosema asihudumiwe, ni mazoea ya chumba namba 2. Basi hapo mmegundua kizuizi kisichohitaji senti: mama ahudumiwe siku hiyo hiyo, mwenza aalikwe kwa kadi.

Panapoharibika ninapajua pia. Timu zinachagua jambo lililo nje ya uwezo wao, jengo au gari, halafu wanakaa kulilalamikia. Lengo linaandikwa bila namba. Mfawidhi anajaza fomu peke yake usiku, timu inaisikia siku ya kuwasilisha. Na kubwa zaidi, hakuna anayerudi kuhesabu mwezi wa sita kwa sababu mradi umefungwa mwezi wa tano.

#19 MwambaniKwetu
Digo, hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Kwa hiyo unakubali kuwa ni mafunzo.

#20 DigoMakini
Nusu. Mafunzo bila anayekufuata baada ya hapo ni harusi bila ndoa.

#21 Ngamiani_Barabara12
Kwa foleni kuna njia nyepesi zaidi ya kuwafundisha watu kuona tatizo. Kikaratasi, robo ya A4. Mgonjwa akifika mapokezi anaandikiwa saa. Kila dirisha linaandika saa aliyoingia na aliyotoka: usajili, daktari, maabara, dawa. Wagonjwa 30 kwa siku tatu, usichukue Jumatatu peke yake. Panga kwenye jedwali, toa tofauti. Si ajabu ukakuta daktari ametumia dakika 7 na mgonjwa kakaa saa mbili na nusu, nyingi zikiwa kati ya maabara na kurudi kwa daktari, kwa sababu majibu yanasubiri yafike 20 ndipo yatoke pamoja. Kabla ya kikaratasi kila mtu alikuwa na uhakika kwamba madaktari ni wachache.

Tahadhari: saa za ukutani zilingane. Msicheke, zikitofautiana dakika 10 mtu wa dawa ataonekana anahudumia wagonjwa kabla hawajafika.

#22 Lushoto_Baridi
Habari za huko joto. Naona hamjagusa usimamizi shirikishi, zile ziara za watu wa wilaya vituoni, na hapo ndipo uongozi ungefundishwa kweli, kwa sababu mkubwa anakukuta kazini kwako.

Unavyofanywa: gari moja, watu sita kila mmoja na mradi wake, orodha ya kurasa nyingi, vituo vitano kwa siku. Toa muda wa barabara. Mlalo na Mtae si Chumbageni, kona ni kona. Kituo kinapata dakika 40. Watu sita wanamhoji mfawidhi mmoja kwa wakati mmoja huku wagonjwa wanamsubiri, wanaandika kasoro 23 kwenye kitabu, wanasaini, vumbi. Ziara ijayo wanakuja wengine, wanaandika 23 zile zile.

Ungefanywaje: watu wawili, kituo kimoja au viwili. Waanze kwa kusoma ukurasa wa ziara iliyopita kwa sauti, lipi limefanyika. Wakae pembeni mwa tabibu aone wagonjwa watatu. Wachague kasoro mbili, moja ya kituo kuirekebisha, moja ya wilaya kuirekebisha, zote ziandikwe jina na tarehe. Ile ya wilaya ndiyo inayojenga heshima. Msimamizi akirudi ametimiza ya kwake, mfawidhi naye anajifunza jinsi ya kusimamia watu wake. Mtu huiga alivyosimamiwa.

#23 ChungwaLaMuheza
Hilo la dakika 40 ni kweli tupu. Ila kuna mradi uliwahi kulitatua, TEHIP, kule Bagamoyo, kituo kikubwa kikawa kinasimamia zahanati za jirani.

#24 MsomajiWaDonge
Chungwa, TEHIP ilikuwa Rufiji na Morogoro Vijijini, kuanzia miaka ya mwisho ya 1990. Bagamoyo unaichanganya na taasisi ya Ifakara, ina tawi pale, ndilo lililofanya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Na kwa chanjo hiyo hata sisi tusijisahau, Korogwe nayo ilikuwa kituo cha majaribio.

Lakini ulichosema kuhusu usimamizi ni sahihi. Badala ya timu ya wilaya kukimbilia kila zahanati, vituo vya afya teule vilipewa pikipiki na redio za mawasiliano, vikasimamia zahanati zilizo karibu. Pia timu ya wilaya ilipewa zana za kuona fedha zinakwenda wapi ukilinganisha na magonjwa yanayoua watu, na bajeti ikageuka. Fedha ya ziada haikuwa nyingi. Kilichoongezeka ni uwezo wa kuamua.

#25 KatibuWaFaili
Uwezo wa kuamua NA pikipiki, mkuu. Usiiruke pikipiki.

#26 Chumbageni_B
Jambo moja la muundo, maana naona mnachanganya. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, si ya TAMISEMI tena. Agizo lilitoka mwishoni mwa 2017, hospitali za rufaa za mikoa zikahamia Wizara ya Afya. Kwa hiyo mganga mfawidhi wa hospitali anawajibika Wizarani, mganga mkuu wa mkoa yuko chini ya katibu tawala wa mkoa, na mganga mkuu wa wilaya yuko kwa mkurugenzi wa halmashauri. Ukiwafundisha hawa watatu uongozi kila mmoja kivyake, kila mmoja atarudi anajua kuongoza watu wa chini yake. Nani anamfundisha kufanya kazi na asiye chini yake? Rufaa ya mjamzito kutoka Pangani inapita mikono ya wote watatu.

Ndiyo maana napendekeza wafundishwe pamoja, tena kwa kesi moja ya rufaa iliyopita, tangu simu ya kwanza ya zahanati mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, kila hatua na saa yake.

#27 BiZamuYaUsiku
Chumbageni umenigusa pangu. Kikao cha vifo vya uzazi ndicho hicho hicho, tungekitumia vizuri. Mwongozo unasema kifo kitolewe taarifa ndani ya saa 24 na kijadiliwe kituoni ndani ya siku 7. Usemavyo mwongozo, hakuna kulaumu. Ufanyikavyo, mkubwa anakaa kichwani mwa meza, faili mkononi, swali la kwanza: "Nani alikuwa zamu?" Kikao kimekufa hapo. Kila mtu anajitetea, na kifo kijacho faili litaandikwa vizuri zaidi kuliko mgonjwa alivyohudumiwa.

Mwenyekiti mzuri anafanya hivi: majina yanatolewa kwenye muhtasari, wanabaki "mkunga wa kwanza, daktari wa pili". Anauliza kwa ucheleweshaji wa aina tatu, kuamua kutoka nyumbani, kufika, na kuhudumiwa baada ya kufika. Wa mwisho kuzungumza ni yeye. Maazimio hayazidi matatu, kila moja lina mtu na tarehe. "Watumishi waongeze bidii" si azimio, ni dua.

#28 DonaNaDagaa
"Ni dua" 😂 naipeleka kazini hiyo.

#29 MsomajiWaDonge
Niwape na ya wenzetu, maana kuna dhana kwamba huko mbele walishamaliza. Uingereza mwaka 1983 serikali ilimwita Roy Griffiths, mkubwa wa maduka ya Sainsbury's, aangalie hospitali zao zinavyoendeshwa. Akasema ukipita wodini ukiuliza nani msimamizi, hupati jibu. Wakaleta mameneja wa jumla, kila eneo na mmoja. Miaka ikapita, ikazuka kashfa ya hospitali ya Stafford, wakubwa walikimbizana na fedha na malengo, wagonjwa wakatelekezwa wodini. Ripoti ya Robert Francis ya Februari 2013 ilitoa mapendekezo 290. Kabla yake, 2012, walikuwa wameshaanzisha chuo cha uongozi wa afya, na moja ya shabaha ilikuwa kuwavuta madaktari na wauguzi warudi kwenye uongozi.

Kwa hiyo walianza na "wataalamu hawajui kuendesha", wakaishia na "waendeshaji hawajui mgonjwa". Sisi tuko upande wa kwanza bado.

#30 PwezaWaRaskazone
Muuza duka kaenda kukagua hospitali! Barabara12, wewe na duka lako la Ngamiani ukiitwa utakwenda?

#31 Ngamiani_Barabara12
Nitakwenda. Swali la kwanza: stoo ina nini na daftari linasema kuna nini. Wakinijibu vizuri naondoka kwa basi la jioni, waja leo waondoka leo.

Tena tusicheke. Stoo ya dawa ni duka. Dawa ikikosekana Bohari ya Dawa, kuna mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji aliyeteuliwa, lakini unahitaji uthibitisho kwamba Bohari hawana, mahitaji yaliyopitishwa, na fedha kwenye akaunti. Mfawidhi anayesubiri rafu iwe tupu ndipo aanze kuandika, wiki kadhaa zinamkata. Anayejua matumizi yake ya mwezi anaagiza akiwa bado ana akiba. Hilo ni somo la duka, wala si la tiba.

#32 ChungwaLaMuheza
Na bima je? Makato ya NHIF yanasema mengi kuhusu kiongozi. Fomu haina saini, ugonjwa ulioandikwa haulingani na dawa, namba ya kadi imekosewa. Kila moja ni kosa la mtu tofauti, chumba tofauti. Mfawidhi anayerudisha fomu kwa aliyekosea kila Ijumaa, kimya kimya, na jumla ya shilingi zilizokatwa, baada ya miezi miwili anaona tofauti. Anayempa mtu mmoja azirekebishe zote mwisho wa mwezi, kesho anazipata tena.

#33 MwambaniKwetu
Sasa mbona Chungwa aliyesema mfawidhi hana mamlaka ndiye anaeleza mfawidhi afanye nini?

#34 ChungwaLaMuheza
Nimesema hana mamlaka, sikusema hana Ijumaa.

#35 MzeeWaMakabidhiano
Jina langu linanidai niseme hili. Mnajadili kumfundisha mtu, lakini mtu anahamishwa. Unamjenga miaka miwili, barua ya uhamisho inakuja, anayeingia anaanza na droo tupu. Ukitaka uongozi ubaki kituoni, uuweke kwenye makabidhiano.

Faili la makabidhiano liwe na salio la akaunti siku hiyo na majina ya wanaosaini. Madeni, hasa Bohari na wazabuni. Madai ya bima yaliyotumwa na hayajalipwa. Dawa zitakazoisha muda ndani ya miezi sita. Rota ya likizo, nani anadai siku ngapi. Ahadi zilizotolewa kwenye kamati ya kituo na serikali ya kijiji, maana hizo haziko kwenye mfumo wowote na ndizo zitakazokuumbua kwenye mkutano wa kwanza. Jambo lile la Digo la ukutani, limefika namba ngapi. Na ukurasa mmoja, kwa mkono, wa mambo yaliyojaribiwa yakashindikana.

Siku tatu wawili wakae pamoja kituoni. Siku ya kwanza anayeondoka anaongoza kikao cha asubuhi, siku ya tatu anaongoza anayeingia, mwenzake kakaa nyuma.

#36 KatibuWaFaili
Siku tatu nani analipa? Anayeondoka ameshapewa tarehe ya kuripoti.

#37 MzeeWaMakabidhiano
Tarehe ya kuripoti iandikwe baada ya makabidhiano, kwenye barua ile ile. Ni sentensi moja.

#38 KatibuWaFaili
Sentensi moja inayoandikwa na mtu ambaye hayupo kituoni. Tumerudi kwa Chungwa #9.

#39 Lushoto_Baridi
Na kwangu #22.

#40 MwambaniKwetu
Na kwangu #1, kwa sababu huyo anayeandika barua naye ni zao la semina zile zile. Hapa Tanga tuna tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, Iringa wana chuo cha afya ya msingi, Arusha wana CEDHA, kituo cha kuendeleza elimu ya afya. Walimu wapo. Wangetoka darasani wakakaa kituoni siku mbili kila mwezi kwa mwaka mmoja, sijui kama tungekuwa na uzi huu.

#41 DigoMakini
Siku mbili kila mwezi mara vituo vyote vya mkoa? Piga hesabu ya mafuta mpaka Kilindi halafu urudi.

#42 DonaNaDagaa
Mzee #35, hilo faili lina mstari wa jokofu la chanjo? Nani ana funguo, na chati ya joto imejazwa asubuhi na jioni, nyuzi 2 hadi 8? Makabidhiano mengi yanaliruka.

#43 MzeeWaMakabidhiano
Upo. Na funguo za genereta.

#44 BiZamuYaUsiku
Funguo za genereta tunazo siku zote, shekhe. Weka mstari wa dizeli.